Kuitafuta Hewa Inayopanda: Ushauri kwa Wanaojifunza Kurusha Glaida

Glaida ni ndege isiyo na injini, yenye mabawa marefu na membamba, ambayo huvutwa juu na ndege nyingine au kwa kebo ya winchi, kisha ikaachiwa iteremke polepole kwa uzito wake yenyewe. Katika hewa tulivu glaida ya mafunzo hupoteza takriban mita 0.7 za kimo kila sekunde, na ikiwa ni ya aina ya ASK 21, inayotumika sana katika vyama vya mafunzo, husonga mbele kiasi cha mita 34 kwa kila mita moja inayoteremka. Kwa hesabu hiyo, rubani aliyeachiwa kwenye kimo cha mita 600 ana dakika 14 hivi kabla ya kurudi ardhini. Akipata hewa inayopanda kwa kasi kuliko anavyoteremka, na akajua kukaa ndani yake, anaweza kubaki juu kwa saa tano au zaidi na kusafiri mamia ya kilomita. Kazi ya kuipata hewa hiyo na ile ya kukaa ndani yake ni mbili tofauti, na wanafunzi wengi hushindwa katika ya pili baada ya kufaulu katika ya kwanza.

Al Garhoud ni mtaa wa Dubai uliobanwa kati ya uwanja wa ndege wa kimataifa na maji ya Khor Dubai, na ndipo yalipo makao makuu ya kundi la Emirates. Katika uwanja huo na katika shughuli zinazouzunguka wamo Waafrika Mashariki ambao kutwa wanaziona ndege zikipanda na kushuka, na haishangazi kwamba baadhi yao hutamani kushika usukani. Hakuna glaida inayoweza kuruka juu ya mtaa huo, kwa kuwa anga yake yote imo mikononi mwa waongoza ndege na haina nafasi ya chombo kinachozungukazunguka bila kujua kitakuwa wapi baada ya dakika tano. Hata hivyo, nusu ya kwanza ya somo, yaani kuisoma hewa kutoka ardhini, inaweza kuanzia hapo kabla ya mwanafunzi kwenda likizo kwao na kupanda glaida yenyewe. Na kuna dhana moja potofu ambayo Dubai huisahihisha haraka kuliko mahali pengine, nayo ni kwamba penye joto kali ndipo hewa hupanda sana.

Hewa hupanda pale tu inapokuwa na joto kuliko hewa iliyo kando yake na juu yake, hata kama joto lenyewe ni dogo. Miale ya jua hupita hewani bila kuipasha sana, ikaipasha ardhi, nayo ardhi huipasha hewa inayoigusa. Tabaka hilo jembamba la hewa moto huweza kung'ang'ania ardhi kwa muda, kama matone ya mvua yanavyoning'inia kwenye ukingo wa bati, mpaka kitu fulani kiliguse: upepo kidogo, mstari wa miti, gari linalopita, ukingo wa kilima. Hapo hujikusanya, hubanduka, na kupanda likiwa puto au nguzo ya hewa, ambayo katika makala haya inaitwa mkondo wa joto. Hewa inayopanda hutanuka kwa kuwa kanieneo ya hewa huko juu ni ndogo, na katika kutanuka hupoa kwa nyuzi 9.8 kwa kila kilomita, yaani karibu nyuzi moja kwa kila mita 100. Ikiwa hewa iliyouzunguka mkondo nayo inapoa kwa kiasi hicho au zaidi kadiri kimo kinavyoongezeka, mkondo huendelea kupanda. Ikiwa hewa ya juu ina joto kuliko ya chini, hali ambayo wataalamu huiita mgeuko wa joto, mkondo hufika hapo ukakosa tofauti iliyokuwa ikiubeba, na ukakoma.

Pwani ya Dubai hukumbwa na hali hiyo mara nyingi, na msomaji aliye Al Garhoud anaweza kuiona ikitokea bila chombo chochote. Asubuhi upepo huvuma kwa kawaida kutoka kusini-mashariki, yaani kutoka jangwani kwenda baharini, kwa sababu usiku nchi kavu hupoa kuliko maji. Jua linapokolea, nchi kavu hupata moto upesi, na hewa ya Ghuba, iliyopoa kuliko ya jangwani, huanza kuingia kutoka kaskazini-magharibi. Njia mbili za kurukia za uwanja wa Dubai zimelazwa sambamba kwa uelekeo huohuo, na namba zake, 12 upande mmoja na 30 upande wa pili, ni nyuzi za dira zilizopunguzwa sifuri ya mwisho: 120 na 300. Kwa kuwa ndege hutua na kuruka zikiukabili upepo, ndege ambazo asubuhi zilikuwa zikishuka kutokea upande wa baharini mara nyingi hugeuziwa njia kabla ya alasiri, zikaanza kushuka kutokea upande wa bara, juu ya mtaa wa Mirdif. Mabadiliko hayo ndiyo ilani kwamba upepo wa bahari umeingia, na kwa rubani wa glaida ilani hiyo ni mbaya, kwa maana hewa iliyotoka kwenye maji hutandaza tabaka lililopoa juu ya ardhi yote ya pwani, na mikondo ya joto iliyokuwa ikibanduka juu ya zege na mchanga hufa au hubaki mifupi isiyofaa kitu. Watu wanaweza kutoka jasho chini kwa nyuzi 40 huku glaida ikishindwa kupata hata mita moja ya kupanda juu yao.

Mwenye kutafuta faida katika hali hiyo hana budi kuelekea bara. Mahali ambapo hewa ya bahari hugongana na hewa moto ya jangwani, hewa hiyo moto husukumwa juu katika ukanda mrefu unaofuatana na pwani, na ukanda huo, yaani mstari wa makutano, huweza kubeba glaida kilomita nyingi bila rubani kuzunguka hata mara moja. Mara nyingine huonekana kwa macho: upande wa bahari hewa ina utusitusi wa unyevu na vumbi, upande wa bara ni angavu zaidi. Jambo hilohilo hutokea nyuma ya Mombasa na Dar es Salaam, ijapokuwa huko unyevu mwingi huupamba mstari huo kwa mawingu na hivyo kuurahisisha kuonekana.

Kimo ambacho mikondo itafika kinaweza kukisiwa kwa hesabu nyepesi inayotegemea taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wowote wa ndege, ambayo hutaja joto la hewa na pia nyuzi za umande, maana yake kiwango cha joto ambacho hewa ikipoa hadi hapo unyevu wake huanza kugeuka matone. Tofauti ya viwango hivyo viwili ikizidishwa kwa 125 hutoa, kwa mita, kimo cha kitako cha mawingu kutoka ardhini. Tuseme hewa ya pwani ina nyuzi 38 na umande wa nyuzi 27: tofauti ni 11, na kitako cha wingu kingekuwa mita 1,375, ikiwa mgeuko wa joto hautaukata mkondo mapema zaidi. Jangwani siku hiyohiyo, kwa nyuzi 40 na umande wa nyuzi 8, kimo hicho ni mita 4,000. Nyeri, kwa nyuzi 24 na umande wa nyuzi 12, ni mita 1,500 tu juu ya ardhi, lakini ardhi yenyewe imekwisha kuinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Mwanafunzi atafaidika akifanya hesabu hii kila siku kwa mwezi mzima na kulinganisha jibu lake na mawingu anayoyaona, kwani siku ambazo jibu litakosea ndizo zitakazomfunza mambo ya mgeuko wa joto.

Katika Falme za Kiarabu wapo marubani ambao kutafuta hewa inayopanda ni ajira yao, ingawa ndege zao zina injini mbili. Kituo cha Taifa cha Hali ya Hewa cha nchi hiyo hutumia ndege ndogo za Beechcraft King Air kutoka Al Ain kwa ajili ya kupandikiza mvua, na wakati wa kiangazi kazi hiyo hufanyika zaidi kwenye mawingu yanayoumuka alasiri juu ya milima ya Hajar. Rubani hupita chini ya kitako cha wingu akitafuta sehemu ambapo ndege inasukumwa juu, na hapo tu ndipo huwasha fataki za chumvi zilizofungwa kwenye mabawa, kwa sababu chumvi iliyoachiwa nje ya hewa inayopanda haifiki ndani ya wingu. Wanachokitafuta ni kilekile anachokitafuta mwenye glaida, na dalili wanazozifuata hazitofautiani: kitako cha wingu kilicho bapa, cheusi na chenye kingo zilizo wazi.

Mawingu hayo ni yale ambayo vitabu vya jiografia huyaita kumulasi, meupe, yenye vichwa vilivyoumuka na vitako vilivyonyooka, na kila moja ni alama ya mkondo uliopanda hadi ukafika kiwango chake cha umande. Neno la kuzingatia ni "uliopanda". Wingu huishi baada ya mkondo wake kukatika, hivyo wingu kubwa lenye kupendeza linaweza kuwa tayari linaoza na chini yake hewa inashuka. Mwanafunzi akae kivulini alitazame wingu moja kwa robo saa bila kuondoa macho: ataliona likianza kama ukungu hafifu, likipata kitako, kingo zikikaza, kisha kitako kikianza kupinda na kingo kuchanika. Wingu la kufuata ni lile lililo katika hatua ya pili na ya tatu, na kwa kuwa glaida huchukua dakika kadhaa kulifikia, inafaa zaidi kulilenga likingali dogo. Kama upepo ni hafifu, mkondo hutazamiwa upande wa wingu unaoelekea jua. Kama upepo una nguvu, hutazamiwa upande upepo unakotoka, kwa maana mkondo huinama kadiri unavyopanda.

Siku isiyo na wingu, ambayo Dubai ni ya kawaida, rubani hubaki na ardhi, vumbi na ndege wa porini. Kuhusu ardhi, swali la kujiuliza linahusu tofauti: ni wapi ardhi yenye moto inapakana na ardhi iliyopoa? Juu ya Al Garhoud jibu lingekuwa kwenye ukingo wa lami ya uwanja wa ndege inapokutana na bustani za majumba, au zege la maegesho linapokutana na majani ya uwanja wa gofu ulio kando ya Khor. Maji yenyewe mchana hayatoi kitu. Kisulisuli, ambacho wengine hukiita chamchela, ni mkondo wa joto uliojivika vumbi, na hakuna dalili iliyo wazi kuliko hiyo, ila rubani asikiingie akiwa chini karibu na ardhi, kwani msukosuko wake huweza kuipindua glaida.

Ndege wa porini wanahitaji kuchaguliwa. Katika hifadhi ya Ras Al Khor, mwisho wa maji ya Khor, heroe wanaonekana kwa wingi, lakini heroe hupiga mabawa na kwa hiyo hana habari ya kumpa rubani. Wenye habari ni tai wa madoa wanaofika hapo kutoka kaskazini kukaa majira ya baridi, ambao hutandaza mabawa na kuzunguka bila kuyapiga. Tai akizunguka hivyo na kimo chake kikawa kinaongezeka, mahali alipo pana mkondo. Ni vema pia kuangalia saa anayoanza, kwani ndege hawa wazito huwa hawaondoki mtini mpaka ardhi iwe imepata moto wa kutosha.

Jambo hili limechunguzwa kwa makini huko Serengeti. Mwanazuolojia Mwingereza Colin Pennycuick, aliyefundisha Nairobi kisha akafanya kazi Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1970, alitumia glaida yenye injini ndogo, aina ya ASK 14, kuwafuata tumbusi, korongo na wari angani, akizunguka nao katika mkondo mmoja na kupima kasi zao. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1972, na yanabaki kuwa somo kwa marubani: tumbusi husafiri kwa kupanda katika mkondo mmoja, kuteleza hadi mwingine, na kupanda tena, na kwa njia hiyo tumbusi wa Rüppell huweza kwenda kutafuta mizoga mbali sana na magenge ya miamba wanakotaga. Kuna tahadhari moja hapa. Ndege hubeba uzito mdogo kwa kila mita ya mraba ya bawa kuliko glaida, hivyo huweza kuzunguka katika duara dogo zaidi, na mkondo mwembamba unaomtosha tumbusi unaweza usimtoshe mwanadamu.

Baada ya kutafuta huja kuingia. Kando ya mkondo unaopanda hewa hushuka, kwa hiyo glaida inayoanza kuzama kwa kasi isiyo ya kawaida mara nyingi imekaribia kitu chema, na rubani mwenye uzoefu huongeza mwendo kidogo ili avuke ukanda huo upesi. Kisha husikia mtikisiko, kiti hukisukuma kiuno juu, na variomita, ambayo ni saa ya kupima kasi ya kupanda au kushuka na ambayo kwa kawaida hutoa pia mlio, huanza kupandisha sauti. Wanafunzi wengi hugeuka papo hapo, na hilo ni kosa, kwa kuwa hugeukia ukingoni na nusu ya duara lao huwa katika hewa inayoshuka. Inashauriwa kungoja sekunde mbili au tatu sauti ikiwa bado inapanda, na kulaza bawa pale inapoanza kutulia.

Upande wa kugeukia huamuliwa na mabawa. Bawa lililo karibu na kitovu cha mkondo, yaani sehemu yake yenye nguvu zaidi, huinuliwa kuliko lingine, na glaida ikiachwa ijiendee hujiinamisha kuelekea nje. Rubani hana budi kupinga mwelekeo huo na kugeukia bawa lililoinuka. Ikiwa hakuna bawa lililoinuka, basi glaida imepita katikati au karibu na hapo, na upande wowote utafaa. Ipo imani kwamba kusini mwa ikweta mikondo huzunguka upande mmoja na kaskazini upande mwingine. Nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuathiri kitu chenye upana wa mita mia chache, na anayepanga upande wa kugeuka kwa msingi huo anajisumbua bure.

Kiasi cha kulaza bawa ndicho kinachowatenganisha wanafunzi na mabingwa. Glaida inayozunguka kwa kilomita 90 kwa saa, bawa likiwa limelazwa nyuzi 30, huchora duara lenye nusukipenyo cha mita 110 na kulimaliza kwa sekunde 28; ikilazwa nyuzi 45, nusukipenyo hupungua hadi mita 64 na duara huisha kwa sekunde 16. Gharama yake ni kwamba glaida iliyokuwa ikiteremka mita 0.7 kwa sekunde sasa huteremka karibu mita 0.9 katika mlalo wa kwanza na mita 1.2 katika wa pili. Wanafunzi huiogopa gharama hiyo na kuzunguka kwa mlalo wa nyuzi 20 au 25, wakidhani wanaokoa kimo, kumbe wanazunguka nje ya kitovu ambako hewa inapanda nusu tu ya inavyopanda ndani. Katika mikondo mingi mlalo wa nyuzi 40 hadi 45 hulipa zaidi ya unachogharimu. Ila ikumbukwe kwamba katika nyuzi 45 kasi ya chini kabisa inayoweza kulibeba bawa huongezeka kwa asilimia 19, na aliyelaza bawa bila kuongeza mwendo anajiweka karibu na hatari ya mabawa kushindwa kuibeba glaida, nayo ikaanza kuzunguka kuelekea chini.

Duara la kwanza karibu kila mara huwa limekosea mahali. Upande mmoja variomita hulia kwa furaha, upande wa pili hunyamaza, na kazi ya rubani ni kulisogeza duara zima kuelekea upande wenye nguvu. Njia iliyo rahisi kufundishika ni ya kutafuta mahali pabaya kuliko pote. Glaida inapokuwa kwenye sehemu mbaya kabisa ya duara, kitovu cha mkondo kiko upande wa pili, yaani katika mstari unaonyooshwa na bawa la ndani. Ili kuelekea huko, rubani angegeuka nyuzi 90 zaidi kisha kunyoosha mabawa. Lakini variomita huchelewa, na akili ya mwanadamu huchelewa vilevile. Katika duara la sekunde 18 glaida hugeuka nyuzi 20 kila sekunde, hivyo ucheleweshaji wa sekunde mbili ni nyuzi 40. Kwa hiyo tangu anaposikia sauti ya chini kabisa, nyuzi zilizobaki ni 50 tu, si 90. Afikapo hapo hunyoosha mabawa kwa sekunde mbili au tatu, ambazo kwa mwendo huo ni mita 50 hadi 75, kisha hulaza tena bawa kwa mlalo uleule na kusikiliza. Kinachofaa ni kusogea kidogo na kupima, si kuruka hatua kubwa na kuupoteza mkondo wote.

Mjerumani Helmut Reichmann, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1970, 1974 na 1978, alifundisha kanuni nyingine inayofanya kazi hiyo mfululizo badala ya kwa vipande: kupanda kukiongezeka, mlalo upunguzwe, kupanda kukipungua, mlalo uongezwe, kukibaki vilevile, mlalo usiguswe. Ukiitafakari, kanuni hiyo haihitaji kujua ni mita ngapi kwa sekunde zinazoonyeshwa. Inahitaji tu kujua kama sauti inapanda au inashuka. Hii ndiyo sababu walimu wengi humwambia mwanafunzi asitazame saa bali asikilize mlio, na macho yake yabaki nje. Jambo moja linaweza kuidanganya sauti hiyo. Rubani akivuta mpini kuelekea kwake, glaida hubadili mwendo wake kuwa kimo, na variomita ya kawaida hushangilia mkondo usiokuwepo. Variomita yenye fidia ya nishati huondoa sehemu kubwa ya udanganyifu huo, lakini dawa ya uhakika ni kushikilia mwendo mmoja na mlalo mmoja, kwa maana asiyeweza kuzunguka kwa usawa hawezi kujua kama kilichobadilika ni hewa au ni mkono wake mwenyewe.

Anayetoka kwenye usawa wa bahari kwenda kuruka Mweiga, karibu na Nyeri, ambako Gliding Club of Kenya imekuwa ikirusha glaida kati ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya, akumbuke kwamba hewa ya juu ni nyepesi. Kwenye kimo cha mita 3,000 saa ya mwendo ikisoma kilomita 90, mwendo halisi ni karibu 105, na nusukipenyo cha duara huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja ingawa mlalo haukubadilika. Mlalo uliotosha pwani hautatosha huko. Upepo nao una neno lake: glaida inayozunguka hubebwa na upepo, ilhali mkondo unaotoka sehemu moja ya ardhi hubaki nyuma kidogo, na ndiyo maana aliyeupoteza mkondo anashauriwa kuutafuta kwanza upande upepo unakotoka.

Mkondo mzuri huwavutia wengi. Aliyetangulia kuzunguka ndiye aliyechagua upande, na kila anayeingia baadaye, awe juu au chini yake, huzunguka upande huohuo, huingia kutoka nje ya duara bila kulikata, na hukaa mahali ambapo anaonekana. Kabla ya kulaza bawa kwa sababu yoyote ile, rubani hutazama nje kwanza. Kuhusu wakati wa kuondoka, Mmarekani Paul MacCready, bingwa wa dunia wa mwaka 1956, alionyesha kwa hesabu kwamba mkondo huachwa pale kasi yake ya kupanda inaposhuka chini ya ile inayotarajiwa katika mkondo unaofuata. Mwanafunzi asiyekwenda safari hana haja ya hesabu hiyo, na anaweza kubaki mpaka achoke.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinamtaka mwombaji wa leseni ya glaida awe na umri usiopungua miaka 16 na saa zisizopungua 6 za kuruka, zikiwemo 2 za kuruka peke yake akiwa amerushwa na kutua si chini ya mara 20, na mamlaka za nchi zinaweza kuongeza masharti. Saa hizo ni chache, na nyingi zitatumika katika kuruka na kutua kuliko katika mikondo. Basi anayejiandaa akiwa Al Garhoud ayatumie majira ya Novemba hadi Machi, hewa inapokuwa ya wastani na tai wapo Ras Al Khor, kuandika kila siku joto, umande, saa ambayo ndege zimegeuziwa njia, na saa ambayo tai wa kwanza amepanda. Na atakapofika kwenye glaida, amwombe mwalimu wake amtajie, kabla ya kuvutwa juu, kimo ambacho chini yake kutafuta mikondo kunakoma. Walimu wengi hutaja mita 300 hivi juu ya ardhi, na hapo, hata kama variomita inalia, rubani ananyoosha mabawa na kuelekea kutua.